Sufuria ya Maharage na Mkataba wa Paris

Mjini Singida maji hayafiki nyuzijoto 100. Yanachemka kwenye 95. Yatatoa mapovu, yatatikisa kifuniko, mvuke utajaa jiko zima, lakini kipimajoto kitasimama pale pale hata ukisukumia kuni nyingine tatu chini ya sufuria.

Jambo hili nililionyesha siku moja katika jiko la shule ya bweni, baada ya mpishi kuniuliza swali lililokuwa limemkera kwa muda mrefu. Alikuwa amehamia huku akitokea Tanga. "Mwalimu, hebu niambie ukweli. Maharage ya huku ni magumu, au ni mimi nimesahau kupika?" Nikamjibu, mama, maharage hayana neno na wewe hujasahau kitu. Kilichopungua ni hewa.

Hewa ni mzigo. Hatuusikii kwa sababu tumezaliwa chini yake. Ukisimama ufukweni Tanga, kila eneo la mwili wako lenye ukubwa wa ukucha wa kidole limebeba safu ya hewa yenye uzito wa kilo moja na ushei, safu inayopanda juu mpaka hewa inapokwisha. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sehemu ya safu hiyo umeshaiacha chini, na mzigo umebaki kama gramu 860. Maji yanapochemka, chembe zake zimepata nguvu ya kuusukuma mzigo huo na kutoka zikiwa mvuke. Mzigo ukiwa mwepesi, zinatoka kwa joto dogo zaidi. Kila ukipanda mita 300, joto la kuchemka linashuka karibu nyuzi moja.

Harage halijali mapovu. Linajali joto. Kwa makadirio ya wanakemia, joto likishuka nyuzi 10 kazi nyingi za kemikali hupungua kasi kwa kama nusu. Likishuka nyuzi tano, kazi ya saa mbili inaelekea saa tatu. Mpishi wetu alikuwa anapika vizuri kabisa, ila kila siku analipa saa moja ya ziada kwa ajili ya mwinuko. Saa hiyo analipa kwa kuni, na kuni hizo zinaandikwa kwenye daftari moja na maneno yaliyokubaliwa Paris tarehe 12 Desemba 2015.

Mkataba wa Paris hauna polisi wala faini. Kila nchi inataja yenyewe itapunguza nini, inaleta ahadi mpya kila baada ya miaka mitano, na inatoa taarifa ya ilipofikia. Tanzania iliuridhia mwaka 2018, na mwaka 2021 ikapeleka namba yake: ifikapo 2030 gesijoto zipungue kwa asilimia 30 hadi 35 zikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama mambo yangeendelea yalivyo. Kwa tani, ni kama milioni 138 hadi 153. Ndiyo ahadi. Swali la mwanafunzi wa sayansi ni la kitoto, nalo ndilo gumu: tani moja inapungulia wapi? Ukumbini haikutengenezwa, kwa hiyo haiwezi kupungulia ukumbini. Turudi jikoni tukiwa na mizani.

Tutumie uniti ya LUKU, kipimo ambacho kila mwenye nyumba anakijua kwa uchungu. Kuyatoa maji lita 10 kwenye nyuzi 22 za asubuhi mpaka 95 kunahitaji uniti 0.85. Hiyo ni sheria ya maji yenyewe. Haibadiliki kwa jiko la kisasa wala la mafiga. Kilo moja ya kuni kavu ina uniti 4.4 ndani yake. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia kwenye sufuria, gramu 200 za kuni zingetosha kuchemsha ndoo hiyo ndogo: kijiti kinene cha urefu wa mkono. Uliza mpishi yeyote kama amewahi kuona ajabu hiyo.

Hajaiona, maana kwenye mafiga matatu ni kama sehemu 15 tu katika 100 zinazoingia kwenye chakula. Zilizobaki zinapasha ukuta, zinapasha uso wa mpishi, zinatoka na moshi dirishani. Kwa hiyo badala ya gramu 200 unachoma kilo 1.3. Na kama kuni ni mbichi hesabu inaharibika kabisa, kwani nusu ya uzito wa mti uliokatwa juzi inaweza kuwa maji, na moto unaanza kwa kuyapika hayo kwanza kabla haujakumbuka maharage.

Halafu kuna mvuke. Lita moja ya maji kugeuka mvuke inakula uniti 0.63, yaani karibu robo tatu ya kazi yote ya kuchemsha lita 10. Kwa mafiga, kila lita inayopaa imemaliza karibu kilo nzima ya kuni. Na kwa kuwa maji yanayochemka hayaongezeki joto, moto mkali baada ya mchemko wa kwanza hauivishi harage hata dakika moja mapema. Unatengeneza mawingu tu. Nilipomweleza mama yule alitazama sufuria yake, akachomoa kuni mbili, akarudisha kifuniko. Sijaona utekelezaji wa makubaliano ya tabianchi uliokuwa wa haraka kuliko ule, na haukuhitaji mfadhili.

Jiko la umeme la presha linafanya kinyume cha mwinuko. Linafunga mvuke ndani, mzigo unapanda, maji yanafika nyuzi 115 au zaidi kidogo. Nyuzi 20 juu ya mchemko wa Singida ni kama kuongeza kasi mara nne. Ndiyo maana maharage yanaiva kabla hujamaliza kusahihisha daftari za darasa moja.

Sasa tuache joto, tushike uzito. Choma kilo moja ya kuni zilizokauka, kisha pima majivu. Utapata kiganja. Kilo imekwenda wapi?

Karne ya 17 kulikuwa na tabibu mmoja huko Ubelgiji ya leo, Jan Baptist van Helmont, aliyefanya majaribio mawili mazuri. La kwanza, alipanda mche kwenye pipa la udongo aliokuwa ameupima, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ukapungua chini ya gramu 60. Basi mti haukula udongo. La pili, alichoma ratili 62 za mkaa akapata ratili moja ya majivu, akasema zile 61 zimekuwa kitu kisichoshikika, akakitungia jina: gesi. Neno hilo tunalitumia mpaka leo kwenye mitungi ya kupikia. Kinachonisikitisha kila nikimfundisha ni kwamba alikuwa na nusu mbili za jibu mikononi asiziunganishe. Alidhani mti umetengenezwa kwa maji matupu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wake ilitoka kwenye gesi ile ile aliyoipa jina.

Kiswahili kimefanya vizuri zaidi yake. Tunaiita hewa ukaa, na ndani ya neno mnasikia mkaa. Mti ni hewa ukaa iliyogandishwa kwa jua na maji, moto unaifungua. Tena inatoka nzito kuliko kuni zenyewe. Kilo moja ya kuni kavu ina kama gramu 450 za kaboni. Chembe ya kaboni ina uzito wa 12, na inapoungua inashika chembe mbili za oksijeni zenye 16 kila moja, jumla 44. Gramu 450 ukizizidisha kwa 44 na kugawa kwa 12 unapata gramu 1,650. Kilo moja imezaa kilo moja na gramu 650 za hewa ukaa, na nyongeza imetoka kwenye hewa iliyopita mlangoni. Wanafunzi huwa hawaniamini hapa. Nawaambia wafanye hesabu upya, halafu tunaendelea.

Tuchukue shule ya mfano. Wanafunzi 600, nusu kilo ya kuni kwa kila mmoja kwa siku, siku 200 za masomo: tani 60 za kuni kwa mwaka. Zidisha kwa 1.65, ni karibu tani 99 za hewa ukaa. Mkuu wa shule akiweka mfumo wa gesi ya mitungi, kazi ile ile ya sufuria itahitaji kama tani 5.7 za gesi, nayo ikiungua inatoa tani 17. Tisini na tisa toa kumi na saba: tani 82. Piga picha, andika taarifa, wageni washangilie.

Subiri kidogo. Van Helmont yuko mlangoni na pipa lake. Mti uliokatwa kule Itigi au Mkalama ulivuta hewa ukaa kabla ya kukatwa. Kisiki chake kikichipua na kukua tena mpaka unene ule ule, kitavuta tena kiasi kile kile. Kuni zikitoka zote kwenye visiki vinavyorudi, ni mzunguko: zinatoka angani, zinarudi angani. Hapo moshi wa shule hauongezi kitu kwenye daftari la dunia, na gesi ya mitungi, iliyotoka kwenye mafuta yaliyokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, imeongeza tani 17. Kama theluthi moja tu ya visiki ndiyo isiyorudi, shule imeokoa tani 16. Kama hakuna hata kimoja kinachorudi, ndipo tunapata zile 82.

Jiko ni lile lile, mpishi yule yule, maharage yale yale. Jibu linatoka kasoro 17 mpaka 82 kutegemea kitu ambacho hakimo jikoni. Kimo porini, kimekatwa usawa wa goti, na hakuna anayekwenda kukiangalia.

Kwa kuwa kisiki hakiangaliwi, kinakadiriwa. Na anayekadiria mara nyingi ndiye anayeuza. Kampuni zinazogawa majiko na kuuza nje viwango vya kaboni, yaani hati za tani zinazodaiwa kuokolewa, zimekuwa zikitumia makadirio yanayosema karibu kuni zote zinatoka kwenye misitu isiyorudi. Mwaka 2015 watafiti waliochapisha katika jarida la Nature Climate Change walikadiria kwamba, kwa dunia nzima, sehemu isiyorudi ilikuwa kati ya asilimia 27 na 34. Mwaka 2024 utafiti mwingine, ulioongozwa na Annelise Gill-Wiehl wa Chuo Kikuu cha California, ukakuta viwango vya kaboni vya majiko vimezidishwa takribani mara tisa. Maana yake mtu wa Ulaya amenunua tani tisa, akaruka na ndege yake kwa amani ya moyo, na angani imepungua moja.

Sisemi turudi kwenye mafiga. Takwimu za serikali zinataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusiana na moshi wa kupikia, na mapafu ya mpishi hayajui kama kisiki kimechipua. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kubadili jiko, na ningependa iandikwe hivyo bila kuipamba kwa tani za kubuni.

Tuangalie basi kilichofanyika tangu Paris, maana si kidogo. Dubai mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Mei 2024 Tanzania ikazindua mkakati wake wa miaka kumi: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye, jijini Paris penyewe, mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika ambao Rais alikuwa mmoja wa wenyeviti wake ulitoa ahadi za dola bilioni 2.2. Serikali ilishaelekeza pia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Na Singida haina udhuru wa kuwa mbali na nyaya: kituo cha umeme cha hapa ndipo njia kuu ya kilovoti 400 kutoka Iringa na Dodoma inapopita kwenda Shinyanga, na ndipo inapoanzia ile ya Arusha na Namanga inayotuunganisha na Kenya. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi kwenye gridi hiyo. Kwa shule yetu ya mfano, umeme wa kufanya kazi ya zile tani 60 za kuni ungekuwa kama uniti 47,000. Kwa bei ya kawaida, pamoja na kodi, inakaribia shilingi milioni 17 kwa mwaka, na presha ikizuia mvuke inashuka sana. Bodi ya shule inaweza kukaa na namba kama hiyo mezani na kubishana kwa akili.

Ila tukirudi kwenye tani milioni 138, jiko haliwezi kuzibeba lenyewe. Hata kwa tani 82 kila mwaka tungehitaji shule milioni 1.7 kama ile. Uzito mkubwa uko kwingine, na Tanzania iliuandika yenyewe ilipowasilisha kiwango chake cha marejeo cha misitu: hekta kama 469,000 zinapotea kwa mwaka, na zinatoa karibu tani milioni 43.7 za hewa ukaa. Gawanya. Hekta moja ni tani 93.

Linganisha sasa na tani 99 za shule yetu. Hekta moja ya pori ikisafishwa ni karibu sawa na moshi wa kulisha vijana 600 mwaka mzima. Na pori halisafishwi na mkaa peke yake. Kilimo ndicho kinachoongoza, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Tanzania ulilisema hilo waziwazi. Mchoma mkaa anakata mti na kuacha kisiki. Mkulima wa alizeti anaking'oa, kwa sababu kinavunja jembe la trekta. Sisi watu wa Singida tunajivunia alizeti, na mimi mwenyewe sili mafuta mengine, lakini daftari halina upendeleo wa mkoa.

Kisiki kilichobaki kina kitu ambacho mche wa kitalu hauna: mizizi iliyokwisha kuchimba. Mvua ya Singida ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha miezi sita au saba ya ukavu. Mche uliopandwa Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, unaanza maisha yake kiangazi kimeshaingia. Wengi wetu tumeshiriki sherehe hizo na tunajua kilichofuata. Chipukizi la kisiki linanywa kwa mizizi ya mti mzima. Linachohitaji ni kutoliwa na mbuzi, kutounguzwa, na kupunguziwa ndugu. Jirani zetu wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai, kazi ambayo taasisi ya LEAD Foundation imeieneza vijijini kuanzia Mpwapwa: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga alama ya kitambaa, unalinda. Shinyanga walikuwa wamefanya jambo la undugu na hilo tangu 1986 kwa mradi wa HASHI, wakifufua ngitili za Wasukuma, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike, na nchi zilikuwa bado hazijakutana Rio kuzungumzia mazingira.

Tanzania imeahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 5.2 chini ya mpango wa Afrika uliozinduliwa mwaka ule ule wa Mkataba wa Paris, na Mkalama ni miongoni mwa wilaya tano zilizochaguliwa, pamoja na Kondoa, Nzega, Magu na Micheweni, kwa mradi wa kurejesha ardhi iliyochoka ulioratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Pesa za aina hii zinatoka kwenye mifuko iliyozaliwa na mikataba ile ile ya kimataifa. Huko Baku mwaka 2024 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Sehemu yake ikifika hapa, atakuja mtu na fomu kuuliza tulikuwa tunatumia kuni kiasi gani na zilitoka pori gani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wakuu, wajumbe wa bodi na wapishi wa mkoa huu. Kabla jiko jipya halijashushwa kwenye gari, tafuteni mizani ya kupimia alizeti, pimeni kuni zinazoingia jikoni kila asubuhi kwa wiki mbili, andikeni kilo na jina la pori zilikotoka. Kisha mmoja wenu aende na muuza kuni mpaka alipokata, ahesabu visiki hamsini, aandike vingapi vina machipukizi na vingapi vimekufa au kung'olewa. Kazi yote haitamaliza daftari moja la kurasa 48. Jiko likishafungwa na kuni zikaisha, namba hiyo haipatikani tena kwa bei yoyote.